Mama mkwe anasema mtoto ana meno ya plastiki, anataka akatolewe Jumamosi. Naombeni ushauri

mamaZuu (Jumatano, saa 4 usiku)

Habari zenu wadau, samahanini uzi utakuwa mrefu, naandika huku mtoto kanilalia kifuani na simu ina chaji asilimia nane.

Nina mtoto wa miezi saba, ni wa pili, wa kwanza ni Zuu yuko darasa la kwanza. Huyu mdogo tangu Jumapili anaharisha, usiku joto linapanda, udenda unamtoka kama bomba limepasuka, anatafuna vidole na kona ya khanga yangu, ziwa anakamata anaachia anakamata anaachia. Mama mkwe yuko hapa tangu nijifungue na kusema ukweli ananisaidia mno, sijaja kumsema vibaya. Ila jana kamfungua mtoto mdomo kwa tochi ya simu akaniita, "njoo ujionee mwenyewe". Nikaona kweli, fizi ya juu huku na huku kuna vivimbe viwili vina weupe kwa ndani. Akasema hayo ndo meno ya plastiki, ndo yanamharisha, yasipotolewa mtoto anaondoka. Kuna bibi mtaa wa pili anayatoa, elfu kumi tu, Jumamosi asubuhi tunampeleka.

Baba Zuu nikimuuliza ananijibu "msikilize mama, yule kalea watoto sita". Jirani ndo kanitia hofu zaidi, nilimuuliza huyo bibi anatumia nini akasema spoku ya baiskeli iliyochongwa. Spoku jamani. Tangu hapo usingizi umekata.

Haya meno ya plastiki yapo kweli au hayapo? Na kama hayapo zile nilizoziona ni nini? Nipo Mbagala, naombeni mnijibu mapema kabla Jumamosi haijafika.

dereva_mpole

Dada yapo, usidanganywe. Wangu wa kwanza alikuwa hivyo hivyo, hospitali tulienda mara mbili wanatoa dawa hola, akatolewa na mzee mmoja kule kwetu baada ya siku tatu mtoto anacheza. Niliyaona kwa macho yangu mawili, meupe, malaini, ukibonyeza yanabonyea. Jino gani linabonyea? Wataalam wa mjini watakuja hapa kubisha ila sisi tuliopitia tunajua.

TabibuMeno

Dada mamaZuu, Jumamosi usiende kwa huyo bibi, na pia Jumamosi usiisubiri. Kesho asubuhi mpeleke mtoto kituo cha afya, sio kwa ajili ya meno, kwa ajili ya kuharisha na homa, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoua mtoto wa umri huo. Ukiona utosi umebonyea, macho yameingia ndani, analia bila machozi, nepi kavu masaa mengi, kinyesi kina damu au hanyonyi kabisa, usingoje asubuhi, ondoka usiku huu huu. Kwa sasa endelea kumnyonyesha hata kama anakamata na kuachia, na kama una pakti za ORS, ule unga wa kurudisha maji mwilini, koroga moja kwenye lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, mpe kwa kijiko kidogo kidogo, akitapika subiri dakika kumi uendelee taratibu. Huko watakupa na zinki, utampa siku 10 hadi 14 hata kuharisha kukikoma mapema, watu wengi wanaacha siku ya tatu.

Sasa hivyo vivimbe. Mimi nafanya kazi ya kinywa na meno na hii habari naikuta karibu kila mwezi. Pale ulipoona weupe, kona ya fizi ya juu huku na huku, ndipo chonge zinapojengwa. Chonge za utotoni hutoka mtoto akiwa na miezi kama 16 hadi 22, wakati yale ya mbele yanaanza miezi sita saba hivi, kwa hiyo mwanao chonge bado sana kutoka lakini ndani ya fizi zimeshaanza kuumbika. Na fizi ya mtoto ni nyembamba, ukipiga tochi lazima uone uvimbe na weupe. Mfungue mdomo mtoto mwingine yeyote wa miezi saba hapo mtaani, mwenye afya anayecheka, utavikuta vilevile.

Kuhusu kubonyea alikosema ndugu dereva_mpole, ni kweli linabonyea na wala hadanganyi. Jino likiwa halijakomaa ni laini. Chukua hindi bichi la maziwa uliminye kwa kucha, halafu chukua punje iliyokauka uiminye, ni mahindi yaleyale. Anayetoa anamwonyesha mama kitu cheupe laini chenye damu, anamwambia "ona plastiki", na mama anaamini maana kweli hakifanani na jino analolijua. Kilichotolewa pale ni chonge changa ya mtoto wake.

Huu msemo kwa hapa kwetu ulianza kuvuma miaka ya 80, wengine wanayaita ya nailoni, Uganda wana jina lao wanasema ebinyo. Vifaa ni spoku, wembe, sindano, wengine kucha tu. Kinachofuata ni damu kutoka nyingi kwa mtoto ambaye damu yake yote mwilini haijai hata lita moja, vijidudu kuingia kwenye damu, pepopunda, na kifaa kimoja kikipita vinywa vya watoto wengi hata virusi vya ukimwi vinaweza kuhama nacho. Na mtoto tayari kapungukiwa maji kwa kuharisha, akitoka pale mdomo una kidonda hataki kunyonya. Hapo ndo tunawapoteza.

Udenda na kutafuna vidole ndio, hayo ya meno ya mbele kutaka kutoka. Homa kali na kuharisha siku nne sio meno.

Na huyo Zuu wa la kwanza, umeshaangalia mdomoni mwake nyuma kabisa?

dereva_mpole

Dokta kwa heshima zote, haya tuseme ni chonge. Mbona alipona sasa? Hospitali mara mbili hakupona, kutolewa siku tatu akapona. Nijibu hapo.

TabibuMeno

Swali zuri mkuu, bora umeuliza kuliko wanaotukana. Kuharisha kwingi kwa watoto kunatokana na virusi vya tumboni na huisha kwenyewe, siku tano, wiki, mara nyingine hadi mbili. Wewe ulienda hospitali siku ya pili na ya nne labda, ugonjwa ukiwa kileleni. Kwa mzee ulienda siku ya sita ya saba, ugonjwa ushachoka. Ungempeleka mtoto akazunguke mbuyu mara tatu siku hiyo hiyo naye angepona na leo ungekuwa unatuambia habari za mbuyu.

Halafu jiulize kwa nini hii kitu inawapata zaidi watoto wa miezi sita hadi mwaka na nusu. Ndo umri wa kuanza uji, anaanza kutambaa, kila anachookota kinaingia mdomoni, na ile kinga aliyotoka nayo kwa mama inapungua. Meno nayo yanaanza kutoka umri huohuo. Vinakutana tu, meno ndo yanaonekana kwa macho basi yanabebeshwa lawama.

Huyo wako sasa ana miaka mingapi? Chonge zake za ukubwani zimetoka vizuri?

dereva_mpole

Ana saba. Nitamwangalia.

binti_Makunduchi

Mimi sikutaka kuandika lakini acha nijibu hilo swali la chonge. Mie nilitolewa nikiwa mdogo, hata sikumbuki, mamangu ndo ananihadithia. Za utotoni sikuwa nazo. Nilipofika miaka 11 wenzangu chonge zinatoka, zangu za juu, moja haikutoka mpaka leo na ya pili imetoka kama kijiti, njano, ina mashimo mashimo. Nilipokwenda kupigwa picha daktari akanambia kile kijino cha utotoni na cha ukubwani vimekaa pamoja mulemule ndani ya taya, yule alochokonoa cha kwanza kamjeruhi na mdogo wake. Meno yangu ya mbele yote yamesogea upande mmoja kufata ile nafasi. Nina miaka 29 hivi sasa, kwenye picha za harusi yangu hakuna hata moja nimecheka mdomo wazi. Mamangu akiziangalia analia na mimi sitaki alie, alikuwa ananiokoa yeye, kwa alivojua.

Usimpeleke mwanao dada.

mangi_wa_Usa

Aisee pole sana binti. Huku kwetu Usa River tunajua habari ya kufunga mdomo kwenye picha, sisi meno ni ya kahawia ukoo mzima, watu wa mikoa mingine wakituona wanajua hatupigi mswaki kumbe tunapiga mpaka fizi zinalia. Ni maji haya ya Mlima Meru yana floraidi nyingi mno, na magadi tunayotia kwenye makande nayo yanaongeza. Naomba niulize humu humu nisifungue uzi mwingine, samahani mwenye uzi. Nina mtoto wa miaka miwili, sitaki awe kama mimi. Tunachemsha maji yote ya kunywa. Na je aache dawa ya meno yenye floraidi?

TabibuMeno

Mangi kuchemsha kunaua vijidudu tu, floraidi haiondoki. Tena maji yakipungua sufuriani yenyewe inabaki palepale, inazidi kukolea. Kinachosaidia ni kumpa mtoto maji ya kunywa na ya kupikia kutoka chanzo kingine, ya mvua yaliyovunwa vizuri yanafaa, au yaliyochujwa kwa chujio la mkaa wa mifupa, hapo jirani yenu Ngurdoto kuna kituo cha utafiti cha kuondoa floraidi kwenye maji, nenda kaulize. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita, na maji ya baadhi ya mito na visima vya huko yanazidi hapo mara nyingi sana. Magadi kwenye chakula cha mtoto acha kabisa. Fanya sasa hivi, maana meno yanaharibika rangi yakiwa yanajengwa ndani ya fizi, kwa yale ya mbele miaka ya mwanzo ndo yenyewe. Akishafika miaka minane tisa hata ukimletea maji ya mbinguni ya mbele yameshapakwa rangi.

Dawa ya meno usiiache. Chini ya miaka mitatu kiasi cha punje ya mchele tu, mitatu hadi sita kiasi cha njegere, mtu mzima asimamie, afundishwe kutema. Matangazo ya tivii yanajaza mswaki mzima ili mnunue nyingi.

MzeeKibogoyo

Wanangu shikamooni ziwafikie wale wanaostahili, wengine marahaba. Nimesoma uzi wote kwa miwani.

Mama Zuu, elimu umeshapewa na huyu kijana tabibu, mimi nakupa ya upande wa pili. Usiende kumsomea mama mkwe mambo ya kwenye simu. Mtu kalea watoto sita halafu wewe unamfungulia simu umwonyeshe kuwa hajui, hata kama ana akili ya Sulemani atakataa. Mwambie hivi, mama, wewe ndiye uliyeliona tatizo la mtoto, twende wote hospitali ukamweleze daktari mwenyewe ulichokiona. Mpe mtoto ambebe yeye. Akae kiti cha mbele. Akiulizwa na daktari "mama umeona nini" hapo umemaliza kazi.

Na mkifika huko mwombe huyo mama naye afungue mdomo. Nasema hivi kwa sababu mimi meno yangu ya chini yote ni ya kuazima. Nilikuwa napiga mswaki unatoka mwekundu, nikasema fizi laini, nikabadilisha mswaki. Meno yakaanza kucheza moja moja, lisilouma nalivuta mwenyewe kwa vidole naliweka kwenye mfuko wa shati, nikajua ndio uzee. Kumbe ugaga, ule uchafu ulioganda kwenye meno, umejaa mpaka chini ya fizi na sukari ninayo miaka, sijui. Aliyenigundua sukari ni daktari wa meno. Kanipeleka kupima siku hiyohiyo. Uzee hauna shida na meno, baba yangu kafa na miaka themanini na kitu anatafuna miwa.

Swali langu dogo kijana, haya ya bandia naosha kwa dawa ya meno kila siku na nalala nayo maana mke wangu akiniona bila meno anacheka. Sawa?

TabibuMeno

Mzee wangu shikamoo, umenifurahisha. Yavue usiku, fizi zipumue, ukilala nayo kila siku utapata fangasi hapo juu ya fizi na kona za mdomo kupasuka. Yasugue kwa mswaki na sabuni ya kawaida ya kuogea, dawa ya meno inayakwaruza. Yaweke kwenye bakuli la maji yasikauke. Na kama kuna mahali yanachubua usiweke pamba, njoo yachongwe. Kidonda chochote mdomoni kikipita wiki mbili hakijapona kionwe na daktari, chenye maumivu na kisicho na maumivu, hasa kwa mvuta sigara au mla tambuu.

Bibi atazoea.

mamaZuu (Jumapili, saa 2 usiku)

MREJESHO

Wadau Mungu awabariki. Jumatano ile baada ya kusoma komenti ya kwanza ya tabibu nikaamka nikakoroga ORS, mama mkwe akanikuta jikoni saa sita usiku nikamwambia maneno ya mzee karibu neno kwa neno, hapana samahani mzee alikuwa hajaandika bado, nilimwambia mwenyewe tu, mama twende wote kesho. Akanuna ila asubuhi nikamkuta kashavaa.

Kituo cha afya kwenye foleni tumekaa mpaka saa tano. Malaria wamepima hana. Wakasema ni kuharisha kwa virusi, mtoto kapungukiwa maji kidogo, wakatupa ORS na zinki, tukakaa pale chumba cha kunyweshea mpaka saa tisa mimi na mama tunapokezana kijiko. Kuna daktari wa kike wa meno yuko hapohapo, nikaomba atuone. Mama akaeleza yeye. Yule dada hakubisha hata kidogo, akavaa glavu akampa na mama glavu, akamwambia "bibi hebu gusa hapa, sasa gusa na huku chini", maana na chini vipo. Halafu akatoka nje akarudi na mtoto wa mama mmoja wa kliniki, kibonge, mzima, kaja kupima uzito tu, akamwambia "gusa na huyu". Mama akagusa. Akakaa kimya.

Kwenye daladala tunarudi ndo akaanza kuongea, anaangalia dirishani. Kumbe walikuwa saba. Kabla ya baba Zuu kulikuwa na mwingine, miezi tisa, aliharisha, wakampeleka akatolewa, kesho yake jioni akafariki. Na miaka yote hii mama yake na majirani walikuwa wanamwambia umechelewa kumpeleka, ungemuwahi angepona. Ndo maana huyu wangu alikuwa anataka awahiwe. Baba Zuu mwenyewe hajui hiyo habari. Mimi nilishindwa cha kusema nikamshika mkono tu mpaka Rangi Tatu.

Mtoto leo amechangamka, choo kimeanza kushika, zinki naendelea nayo. Kijino kimoja cha chini kinachungulia.

Sasa tabibu, ulivyosema niangalie mdomo wa Zuu nyuma kabisa nimeangalia. Kuna gego kubwa kila upande, nilijua la utoto maana hakuna lililong'oka pale, na moja la chini kulia lina tundu jeusi. Tumepewa Jumanne. Je atasikia maumivu sana? Halafu mama anaulizia, anasema sio yeye ni jirani yake, eti mtu mwenye presha akichomwa ganzi ya jino presha haipandi?

TabibuMeno

Alhamdulillah, pole nyingi kwa mama.

Magego hayo ya Zuu ni ya ukubwani, hutoka miaka sita nyuma ya yale ya utoto bila lolote kung'oka, ndo maana wazazi wengi wanayaacha yanaoza wakidhani yatabadilika. Hayabadiliki. Tundu dogo mara nyingi linasafishwa na kuzibwa bila hata sindano, akiwahi. Usimtishie kwamba asipotulia atachomwa, na usimwambie haitauma hata kidogo, mwambie watahesabu meno yake na kusafisha moja. Waulize pia yale mengine matatu kama yanafaa kupakwa kinga kwenye ile mifereji ya juu yanapotafunia. Usiku akishapiga mswaki ateme asisukutue na maji, na asile tena.

Jirani ya mama mwambie ganzi haina shida kama presha inatibiwa na imetulia. Asubuhi anywe dawa zake za presha kama kawaida, ale chakula, na amwambie daktari dawa zote anazotumia kabla hajakaa kwenye kiti. Watampima kwanza, ikiwa juu sana watamwambia arudi siku nyingine. Kinachopandisha presha zaidi ni jino linalouma usiku kucha.

mamaZuu

Nimemsomea. Amesema basi Jumanne huyo jirani atakuja.

dereva_mpole

Tabibu nimemwangalia dogo. Chonge moja ya juu haipo na ile nyingine bado ya utoto ipo. Ana saba. Nimpeleke au nisubiri?

TabibuMeno

Zilitolewa mbili au moja?

dereva_mpole

Moja. Mama yake alilia sana yule mzee akaacha.

TabibuMeno

Mpeleke apigwe picha ya taya tuone cha ukubwani kimekaaje. Kwa kawaida kitatoka miaka 11 au 12 kwa ya juu, muda wa kupanga upo. Na msalimie mama yake.